Kichwa Kisicho na Mwenyewe

Siku ya tatu ya upelelezi ilianza na Afande kuvuliwa mkanda.

Aliuweka kwenye trei ya plastiki pamoja na funguo, saa na miwani yake, akaingia chumba cha sumaku ameshika suruali kwa mkono mmoja. Aliyemtangulia alikuwa mwanamke wa makamo mwenye ndara za mpira, aliyetembea humo ndani kama mtu aliye jikoni kwake. Ndiye aliyekuwa mpiga picha wa kituo hiki cha chuo kikuu cha picha za ubongo. Wanafunzi, maprofesa na wafagizi wote walimwita Shangazi, na ukimwita vinginevyo alikuwa haitiki.

"Miaka thelathini ya upolisi," Afande alinung'unika, "sijawahi kuvuliwa mkanda na shahidi."

"Afadhali uvue mwenyewe. Sumaku hii haizimwi, mchana wala usiku. Ikiutaka mkanda wako itauchukua na wewe ukiwa ndani yake."

Mashine ya MRI ilijaza nusu ya chumba. Ilikuwa na tundu katikati, kitanda chembamba kinachoingia tunduni, na mwisho wa kitanda kofia ngumu ya plastiki ambayo kila anayepigwa picha ya ubongo hufungiwa kichwani. Afande aliitazama kofia bila kuigusa. Kisha jicho lake likahamia rafuni, kwenye mpira wa plastiki wenye ukubwa wa kichwa cha mtu, uliozungushiwa plasta kama mgonjwa wa ajali.

"Na huyu kapigwa na nani?"

"Huyo ni Kipara wetu," Shangazi alisema, sasa akitabasamu kwa mara ya kwanza. "Anajazwa maji yenye chumvi. Kila asubuhi, kabla ya mtu yeyote, namlaza yeye. Picha yake ikitoka safi, siku imeanza. Masikini amepasuka. Mwenzake yuko njiani, leo wamesema watamleta."

Afande aliitikia kwa kichwa, akatoka kuufuata mkanda wake.

Kesi yenyewe haikuwa na maiti, na kazi ya Afande ilikuwa kuhakikisha haipati. Tangu astaafu polisi alikuwa mchunguzi wa malalamiko wa chuo kikuu, kazi ya kusuluhisha walimu wanaonuniana na wanafunzi wanaonakiliana. Hakuwa amezoea tena mambo yanayomnyima usingizi. Hili lilimnyima.

Wiki tatu nyuma, siku ya Jumanne, fundi cherehani mmoja, mama wa mapacha wa miezi mitano ambaye mtaani kwake anaitwa Mama Pacha, alijitolea kupigwa picha ya ubongo kwa ajili ya utafiti wa idara ya lugha. Kwa utaratibu wa kituo, picha ya kila anayejitolea hupelekwa hospitali, daktari wa picha aipitie asije mtu akaondoka na ugonjwa asioujua. Kwenye picha ya Mama Pacha daktari aliona mshipa wa damu uliovimba kama punje ya mahindi, ukuta wake mwembamba wa kutisha. Siku tisa zilizopita mama wa watu aliitwa, akaelezwa. Akapigwa picha upya hospitalini, mara mbili. Kichwa chake kilikuwa safi kabisa, na uvimbe wa namna ile haujifichi wala hauponi wenyewe.

Basi kichwa kile kilikuwa cha mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa mahali fulani akiendelea na shughuli zake.

"Anaweza kuishi nao miaka ishirini," daktari wa picha alimwambia Afande. "Anaweza kuanguka leo akinyanyua ndoo ya maji. Mkimleta kabla haujapasuka, tuna dawa yake. Mkimleta baada ya hapo, sijui kama nitakuwa na la kufanya."

Afande alikuwa hajamaliza kufunga mkanda wake, mkuu wa kituo, Profesa, akashuka ngazi mbili mbili. Alikuwa mwanamume mnene kiasi, mwalimu wa fizikia, shati limekunjwa mpaka kwenye viwiko, macho mekundu kwa kukosa kulala. Ndiye aliyeomba uchunguzi ufanyike, na tangu hapo hakumpa mchunguzi nafasi ya kuvuta pumzi.

"Umempata?"

"Bado, Profesa."

"Bado!" Alipiga paji la uso kwa kiganja. "Nimepiga simu arobaini na moja, Afande. Kila aliyelala kwenye mashine hii mwezi ule nimemtafuta kwa mkono wangu. Wale watatu walioandika uzito wa kilo sabini na moja nimewapeleka hospitali mwenyewe. Wazima wote watatu. Kuna mtu huko nje, huenda sasa hivi amebeba mtoto, huenda anapanda ngazi, na sisi tumekaa hapa!"

Suala la uzito lilikuwa uzi wao wa pekee. Mashine ile haianzi kazi mpaka iambiwe uzito wa aliyelala, na kwenye picha yenye uvimbe ilikuwa imeandikwa kilo sabini na moja. Mama Pacha ana hamsini na nane.

"Nieleze tena kuhusu saa," Afande alisema.

"Nimekueleza mara tatu. Saa ya mashine si ya kuaminiwa. Umeme ukikatika inayumba. Picha inasema saa mbili kasoro dakika nane asubuhi, na sisi kwa kawaida hatuna mtu kabla ya saa tatu. Achana na saa. Fuata watu. Idara tano zinagombea mashine moja, lazima kuna walioazimana zamu bila kuandika. Mkamate yule kijana wa lugha, atasema."

Profesa akapanda tena mbio kama alivyoshuka. Afande alimsindikiza kwa macho. Alimhurumia, na pia alikuwa amechoka kufokewa.

Ila "achana na saa" ni maneno ambayo askari hapendi kuambiwa. Alimwomba Shangazi kitabu cha wageni cha mapokezi, akachagua siku tano bila mpangilio, akalinganisha. Mgeni aliyeingia saa nne, mashine ilimwanza saa nne na dakika ishirini na tano. Aliyeingia saa nane, ikamwanza saa nane na robo. Siku zote tano, hakuna hata moja ambapo mtu alipigwa picha kabla hajafika. Kisha akaisimamisha saa yake ya mkononi karibu na kompyuta ya mashine, akahesabu kimoyomoyo. Zilitofautiana dakika moja.

Saa ilikuwa nzima. Iliyoyumba ilikuwa sifa yake tu.

Akaandika kwenye daftari: *Saa mbili kasoro dakika nane. Mama Pacha ameingia mapokezi saa tatu kasorobo.* Akaenda kwa kijana wa lugha.

Mtafiti huyo wa shahada ya uzamivu aliitwa Kasuku na wenzake wote, kwa sababu utafiti wake ulikuwa wa watu wanaosoma kwa sauti, na kwa sababu hakuwa na breki mdomoni. Leo alikuwa na breki. Alikaa kwenye ukingo wa kiti.

"Umewahi kumwazima mtu zamu yako?"

"Afande, kila mtu anafanya hivyo."

"Sikuuliza kila mtu."

"Mara moja. Alhamisi ya wiki ile, niliwapa watu wa michezo saa yangu moja. Walikuwa na mchezaji anayesafiri. Sikuandika kwenye ratiba. Najua nimekosea."

Afande alikaa wima. "Mchezaji gani?"

"Golikipa. Lakini jana usiku niliposikia habari nilimtafuta nikampata. Ameshapigwa picha huko aliko. Yuko salama." Kasuku alitoa simu, akaonyesha ujumbe wa daktari. "Na tena ile ni Alhamisi. Jumanne ilikuwa yangu mwenyewe, sikumpa mtu. Naapa kwa wazazi wangu."

Matumaini ya siku mbili yakaishia hapo. Afande alikuna kidevu, akabadili njia.

"Nionyeshe faili la Mama Pacha. Lote, kama mnavyoliona nyie."

Kijana alifungua. Juu kabisa palikuwa na picha ya kichwa kizima, chini yake nyingine ya aina hiyo hiyo, kisha mlolongo wa zile za kusoma kwa sauti.

"Mbona za kichwa kizima ni mbili?"

"Ni kawaida. Mtu akitikisika tunarudia. Kwa hiyo zikiwa mbili, ya kwanza ndiyo iliyoharibika. Sisi wote hapa tunatumia ya mwisho, ya kwanza hata hatuifungui."

"Na hospitali?"

"Hospitali wanaletewa na kompyuta. Kompyuta inapeleka ya..." Kasuku aliugeukia tena mlolongo wa picha. "Inapeleka ya kwanza."

"Ifungue."

Kichwa kikajitokeza kwenye kioo, cheusi na cheupe, na pale kwenye kina chake punje ile ya mahindi. Kijana aliinama karibu, uso ukakunjamana.

"Hii haijaharibika," alisema polepole. "Angalia mistari ilivyo mikali. Ya pili, ya Mama Pacha, ndiyo imetikisika kidogo. Watu wa mara ya kwanza wote hutikisika, yale makelele yanawashtua. Huyu katulia kama kalala kwake. Afande, huyu si mgeni humu."

Afande aliandika neno moja: *mzoefu*. Akasimama.

"Kuna kitu kingine unakumbuka kuhusu siku zile? Chochote, hata cha kipuuzi."

"Labda Jumatatu yake jioni. Nilikuja kuchukua karatasi zangu, nikateleza humo chumbani nikaanguka kifudifudi. Kipara alikuwa amepasuka, maji yamejaa sakafuni. Shangazi alinicheka mpaka akashika mbavu."

Afande hakucheka. Alienda korido, akapiga simu kwa Mama Pacha.

"Nililala mara moja tu, baba," sauti ya mwanamke ilisema upande wa pili. Nyuma yake hapakuwa na mlio wa cherehani wala wa mtoto. "Nilifika, nikajaza fomu, nikalala. Maziwa yalikuwa yamenijaa, nilijisogeza kidogo, wakaniambia tulia."

"Watoto hawajambo?"

"Mmoja yuko kwa mama yangu. Mwingine yuko kwa wifi yangu. Nilishawagawa, Afande. Siku ile walivyoniambia nitaanguka wakati wowote, nilisema nisije nikaanguka na mmoja mkononi."

"Lakini hospitali wamesema uko safi."

"Hospitali hiyo hiyo ilisema ninakufa. Kichwa kile kina jina langu. Siku mtakayoniambia ni cha fulani, mimi nitawafuata wanangu siku hiyo hiyo. Kabla ya hapo, hapana."

Afande alibaki na simu sikioni hata baada ya kukatika. Ilimuuma, na hakujifanya haikumuuma. Kisha akaenda ofisi ya ulinzi kuomba kitu ambacho hakuna aliyekiomba kwa siku tisa, kwa kuwa wote waliamini saa ni mbovu: orodha ya kadi zilizofungua mlango wa nyuma wa wafanyakazi, Jumanne ile, kabla ya saa mbili.

Orodha ilikuwa na majina mawili tu. Aliisoma, akaikunja, akaifungua akaisoma tena.

Alimkuta Shangazi kwenye chumba cha kuendeshea mashine, nyuma ya kioo kikubwa, akiandika kwenye kitabu cha kila siku. Akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Niazime hicho kitabu. Jumanne ile." Alifungua, akaweka kidole. "Mwandiko wako. 'Kipara: sawa.'"

"Ndiyo."

"Kipara alipasuka Jumatatu jioni. Kasuku aliogelea kwenye maji yake."

Kalamu ya Shangazi ikasimama.

"Jumanne mlimpima nani, Shangazi?"

Mwanamke alishusha pumzi. "Nilijua utalifikia. Sawa. Kofia ile ilikuwa imerudi kutoka kwa mafundi Jumatatu mchana. Nimfunge mama wa watu kofia ambayo haijajaribiwa, imuunguze? Kipara hayupo. Basi tuliijaribu kwa mtu. Ni marufuku bila kibali, najua, tangazo lipo mlangoni. Ndiyo maana nikaandika Kipara. Kama ni kufukuzwa, nifukuzwe."

"Umesema *tuli*."

"Siwezi kulala ndani na kubonyeza huku nje."

"Picha yenyewe iko wapi?"

"Za majaribio zina faili lake. Linafutwa kila Ijumaa. Hilo halihusiani na mambo yenu, Afande."

"Asubuhi ile, kompyuta ilikuwa imefunguliwa faili gani?"

"La majar..."

Hakumaliza neno. Macho yake yalihama kutoka kwa Afande hadi kwenye kompyuta, yakaganda hapo.

"Shangazi."

"Huwa namwandaa mtu wa kwanza tangu jana yake," alisema kwa sauti iliyopungua. "Jina, namba, kila kitu. Ili nikifika asubuhi nisihangaike. Inabaki uzito tu, mashine inauliza wakati wa kuanza. Jumatatu niliacha nimemwandaa Mama Pacha. Jumanne tulikuwa na haraka, kofia haijajaribiwa, muda unakwenda. Nikabonyeza anza."

"Ikauliza uzito."

"Ikauliza. Nikamuuliza kwenye kipaza sauti."

"Akasema ngapi?"

Shangazi aliweka viganja viwili mdomoni. Alijibu kupitia vidole, na machozi yalikuwa yameshafika kabla ya jibu.

"Sabini na moja."

"Hukukumbuka, siku zote hizi?"

"Hakuna aliyeniuliza uzito! Fomu zote alizichukua yeye ofisini kwake. Aliniambia nisijitie kihoro, kazi hiyo aachiwe yeye." Alimshika Afande mkono, akaubana. "Tunafanya hivyo tangu kituo kinafunguliwa. Kifaa kikibadilishwa, analala. Mara mia, mara mia mbili. Si mgonjwa, si mshiriki, hatumwandiki popote. Ni kama kuonja mboga, nani anajihesabu kwa kuonja?"

Mlango wa korido ukafunguliwa kwa kishindo.

"Habari njema angalau moja!" Sauti ya Profesa iliingia kabla yake. "Kipara mpya amefika. Wamemtupa hapa mlangoni kama gunia, ngoja nimlete mwenyewe."

Walimwona kupitia mlango ulio wazi. Alikunja suruali magotini, akainama juu ya boksi, mikono miwili ikashika pembe zake.

"Usinyanyue!"

Ulikuwa ukelele ambao kituo hakijawahi kuusikia kutoka kwa Shangazi. Profesa alibaki ameinama. Kisha akacheka.

"Kilo kumi na mbili hizi, Shangazi. Utadhani mimi ndiye..."

Aliutazama uso wa mwanamke, halafu uso wa Afande, halafu kitabu kilichofunguliwa mezani, na mwisho, nyuma ya kioo, ile kofia. Mikono iliachia boksi taratibu. Akajiinua kwa kushika ukuta.

"Jumanne," alisema. "Kofia ilitoka kwa mafundi."

"Ndiyo, kaka." Kwa miaka yote ile Shangazi hakuwahi kumwita kaka.

"Nimepiga simu arobaini na moja."

"Ndiyo."

"Nimewafokea watu."

Shangazi alimvutia kiti, akamshika bega, akamkalisha, naye akakaa kwa uangalifu kana kwamba kiti kimepakwa rangi sasa hivi. Afande alikuwa tayari amepiga simu hospitali. Daktari wa picha alipokea kwa mlio wa pili, na bila salamu akauliza yuko wapi na ana hali gani.

"Yuko hapa, mbele yangu," Afande alisema. "Amekaa. Leteni gari mpaka mlangoni."

Profesa alikuwa anautazama mkono wake, anaukunja na kuukunjua.

"Sabini na moja niliitaja mimi?"

"Wewe," Shangazi alisema.

"Nina sabini na tisa." Alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa. "Ulivyoniuliza kwenye kile kipaza sauti, niliona aibu tu. Nikapunguza nane. Siku tisa nimezunguka nikimtafuta mtu wa kilo sabini na moja."

Shangazi alitoa sauti ambayo ilianza kama kicheko. Alipiga magoti mbele yake, akaanza kumvua viatu bila kujua kwa nini, na Profesa akamwacha. Nje, mbali kidogo, king'ora kilianza kusikika. Afande alisimama mlangoni, boksi miguuni pake, simu bado mkononi.

"Afande," Profesa aliita. Sauti ilikuwa imetulia kuliko siku zote walizofahamiana. "Usingoje niondoke. Mpigie yule mama sasa hivi. Mwambie kichwa ni changu. Awafuate watoto wake."